Unataka kusoma masta ya saikolojia ya ushauri nasaha? Anza kwa kuuliza nani atasikiliza rekodi zako

Kila msimu wa kuaplai ukikaribia napata ujumbe wa aina moja, mtu kamaliza digrii ya kwanza, watu wote wanamwambia we unajua kusikiliza, unajua kushauri, kasomee tu, na yeye anauliza chuo gani kizuri na masomo ni magumu kiasi gani. Naandika jibu langu lote hapa kwa mpigo, kuanzia kabla hujajaza fomu mpaka siku unaagana na mteja wako wa mwisho wa mafunzo. Nimepita humo mwenyewe na sasa nakaa upande wa pili, nasikiliza rekodi za wanafunzi wakiongea na wateja, kwa hiyo nasema ninachokiona kila wiki.

Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke. Nadharia utasoma popote, vitabu vipo. Kitu ambacho huwezi kujipa mwenyewe ni mtu mwenye uzoefu anayekaa na wewe, anasikiliza ulivyoongea na mteja neno kwa neno, anasimamisha rekodi na kukuuliza, hapa ulisikia nini? Hilo ndo linalolipiwa ada. Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyejenga ushauri unaomweka mteja mbele, na wanafunzi wake pale chuo kikuu cha Ohio State mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikua wanarekodi mazungumzo na wateja kwenye santuri, zile sahani za zamani ambazo zilikua zinajaa baada ya dakika chache tu inabidi ubadilishe, na mwaka 1942 akachapisha kesi nzima ya mteja mmoja, vikao vinane, kila neno. Waliposikiliza wakashtuka, wakagundua wanawaelekeza na kuwaongoza wateja kuliko walivyoamini wenyewe. Sasa kama Rogers alihitaji kusikia rekodi ndo ajue anachofanya, mimi na wewe je?

Hatua ya 1: Jua unaenda kuwa nani, na sheria ya unapotaka kufanyia kazi inasemaje

Watu wanachanganya sana hapa. Daktari wa magonjwa ya akili kasomea udaktari na anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa kliniki kihistoria kajikita zaidi kwenye magonjwa ya akili yenyewe, kuyapima na kuyatibu. Saikolojia ya ushauri nasaha ilitokea njia nyingine, mzizi wake mmoja ni kazi ya Frank Parsons kule Boston mwaka 1908 ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, halafu baada ya vita vya pili vya dunia wakaja maelfu ya askari waliorudi wanahitaji msaada wa kuanza maisha upya. Ndo maana mpaka leo fani hii inaangalia sana nguvu alizonazo mtu, hatua za maisha, kazi, ndoa, misiba, mabadiliko, pamoja na mazingira yanayomzunguka. Siku hizi kazini mipaka inaingiliana mno, ila roho ya mafunzo bado inatofautiana na utaisikia darasani.

Sasa kabla hujapenda chuo, tafuta chombo kinachotoa leseni kule unakotaka kufanyia kazi, soma masharti yao, halafu rudi nyuma hadi kwenye kozi. Wengi wanafanya kinyume, wanamaliza masta ndo wanagundua cheti chao hakiwaruhusu kutumia jina walilolitaka. Mfano, Uingereza jina la mwanasaikolojia wa ushauri nasaha linalindwa kisheria na njia ya kawaida ya kulifikia ni mafunzo ya ngazi ya shahada ya uzamivu. Marekani mwenye masta anaweza kupata leseni ya mshauri nasaha, lakini kwenye majimbo mengi kujiita mwanasaikolojia kunahitaji udaktari wa falsafa au wa saikolojia, na hiyo ni miaka mitano, sita, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo swali la masta au PhD linajibiwa na kazi unayoitaka. Ukitaka kukaa na wateja, mara nyingi masta inatosha kuanzia. Ukitaka kufundisha chuo, kufanya utafiti au kutumia hilo jina lenyewe, jipange kwa safari ndefu.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa kuuliza maswali ya vitendo

Usidanganyike na picha za jengo wala orodha ndefu ya kozi. Waandikie barua pepe, au bora zaidi tafuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho, uwaulize haya: saa ngapi za kukaa na mteja ana kwa ana zinatakiwa kabla ya kuhitimu? Nani anatafuta sehemu ya mafunzo, chuo au mwanafunzi mwenyewe? Supavaiza mmoja, yaani mtaalamu anayesimamia kazi yako na wateja, ana wanafunzi wangapi? Na lile swali langu, kuna mtu anasikiliza rekodi au kuangalia kikao chenyewe, au mwanafunzi anaenda kusimulia tu?

Ili ujue kipimo, programu za Marekani zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua ubora wa programu za ushauri nasaha, zinadai prakitikamu (mafunzo ya kwanza ya vitendo) ya saa 100 ambazo 40 ni za mteja moja kwa moja, halafu intanshipu (mafunzo marefu zaidi ya vitendo) ya saa 600 ambazo 240 ni za mteja, na kila wiki saa moja ya supavisheni ya mtu mmoja au wawili, juu yake kuna supavisheni ya kikundi. Sisemi kila programu duniani ifanane na hiyo, ila ukiambiwa kozi nzima ina vikao kumi na tano tu vya mteja, au mafunzo kwa vitendo ni kutembelea taasisi na kuandika ripoti, hiyo ni kozi ya kusoma kuhusu ushauri nasaha. Ina thamani yake lakini haitakufanya uweze kukaa na mtu aliyepoteza mtoto.

Kozi za mtandaoni sizikatai, kuna zilizopangwa vizuri sana. Swali ni lile lile, nani anasikiliza rekodi?

Hatua ya 3: Maombi na intavyuu

Barua ya maelezo binafsi ndo inayowaangusha wengi wenye maksi nzuri. Wengi tumevutwa na fani hii na kidonda chetu wenyewe, hakuna ubaya, ila barua siyo sehemu ya kukifungua chote. Msomaji anatafuta kitu kimoja, huyu mtu anaweza kuangalia maisha yake kwa umbali kidogo au bado yuko katikati ya moto? Ukiandika "Nimeteseka sana utotoni hivyo nawaelewa wanaoteseka" umemtia wasiwasi, kwa sababu kila mteja atakayekuja hajateseka kama wewe. Andika kitu kama "Nilijitolea mwaka mmoja kupokea simu za watu wenye shida, mwanzoni nilikua nakimbilia kutoa suluhisho, mtu akanikatia simu, na kuanzia hapo nikaanza kujiuliza kwanini kimya kinanipa hofu." Hapo kuna tukio, kuna kosa, kuna kujiuliza. Inatosha.

Waombe barua ya mapendekezo watu waliokuona ukifanya kazi na binadamu wenzako, sio profesa mwenye jina kubwa ambaye hakukumbuki sura. Na kwenye intavyuu wanaweza kukuigizisha, mmoja anajifanya mteja, mnaongea dakika kumi. Usioneshe ufundi. Sikiliza, rudia ulichoelewa kwa maneno yako, uliza ukikwama. Baadaye watakuuliza umejionaje, na jibu lako hapo lina uzito kuliko kile kikao chenyewe, wanataka kujua kama unafundishika.

Hatua ya 4: Kabla ya kuanza, pangilia maisha

Hii fupi. Prakitikamu inataka saa za mchana na wateja hawaangalii ratiba yako ya kazini, kwa hiyo kama umeajiriwa ongea na mwajiri mapema kabisa, sio semista ya tatu. Waambie nyumbani kwamba kuna siku utarudi umechoka na hutaweza kusimulia kwanini.

Hatua ya 5: Semista ya kwanza, jifunze kunyamaza

Utaanza na mazoezi ya watu watatu watatu, mmoja anaongea, mmoja anasikiliza, mmoja anaangalia na kuandika. Mtindo huu wa kuvunja ujuzi vipande vidogo, leo tunafanya swali la wazi tu, kesho kurudisha hisia tu, ulitengenezwa na mwanasaikolojia Allen Ivey na wenzake miaka ya 1960 na bado unafanya kazi. Ukiwa zamu yako ya kuongea leta jambo la kweli lakini dogo, mfano ugomvi na mwenzako wa kazini, usilete msiba wako mzito kwa mtu ambaye ndo wiki yake ya pili, utamuumiza na utaumia.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu. Neno "pole". Ni neno zuri, sitaki uliache, lakini angalia linavyofanya kazi kwenye kikao. Mteja anasema "mume wangu hajaongea na mimi wiki ya tatu sasa", wewe unasema "pole sana jamani", yeye anajibu "asante, nimeshapoa", na mlango umefungwa. Lugha yenyewe inamlazimu ajibu ameshapoa! Ile pole imekua kama risiti, imetolewa, imepokelewa, tumemaliza. Ndugu zake pole ni "usijali", "yataisha tu", "Mungu yupo", na ile "jikaze". Kila moja inamwambia mtu kwa upole kabisa kwamba mimi sitaki kusikia zaidi. Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili, fanya dakika kumi bila kusema pole hata moja, badala yake sema ulichokisikia: "Wiki tatu ndani ya nyumba moja bila neno." Halafu nyamaza. Hesabu moja mpaka nane kimoyomoyo. Itakua ndefu kama mwaka, na mara nyingi ikifika tano au sita yeye ataendelea mwenyewe, na kitakachotoka ndo chenyewe alichokijia.

Mtego wa pili ni heshima ya umri. Mteja akiwa wa rika la mama yako utajikuta unamwamkia, unamwita mama, na ghafla umekua mtoto wake, huwezi tena kumuuliza kuhusu tendo la ndoa wala pombe. Mwamkie, ndiyo, kutomwamkia ni kumvunjia heshima na hataongea kabisa. Halafu muulize kikao cha kwanza tu, "ungependa nikuite nani humu ndani?" na umwambie mapema kwamba kazi yako itakufanya uulize mambo ambayo kijana kwa kawaida hamuulizi mtu mzima, kwa hiyo akiona swali limemzidi ana haki ya kusema. Wengi wanacheka, wanasema niulize tu mwanangu. Umeshapata ruhusa.

Hatua ya 6: Mteja wa kwanza na rekodi ya kwanza

Kabla ya kurekodi lazima mteja akubali kwa maandishi, aelewe nani atasikiliza, itahifadhiwa wapi, itafutwa lini, na kwamba akikataa bado atahudumiwa. Usirekodi kwa simu yako ya kila siku ambayo picha na sauti zinapanda zenyewe mtandaoni. Tumia kifaa cha chuo au laptopu yenye faili lililofungwa kwa nywila, na jina la mteja lisiwepo kwenye jina la faili.

Sasa nikueleze rekodi yangu ya kwanza, maelezo ya mteja nimeyabadilisha. Alikua mama mmoja, nilitoka kwenye kile kikao nimejaa furaha, nikaona nimefanya kazi nzuri sana, mteja aliongea, alishukuru. Supavaiza akaniambia kaandike dakika kumi za katikati neno kwa neno, hata zile "mm" na "ehe". Nikakaa usiku nikaandika. Kwanza nikaona mistari yangu ni mirefu kuliko ya mteja. Pili nikahesabu maswali, kumi na tisa ndani ya dakika kumi, karibu kila mara mteja akivuta pumzi mimi nishauliza. Halafu nikafika pale ambapo yeye anasema, "kazini pamoja na yote wananiheshimu, siku hizi nalala sebuleni, lakini kazini nashukuru", na mimi namjibu nini? "Kazini unafanya kitengo gani?"

Alisema analala sebuleni. Nilikua pale, umbali wa mita moja na nusu, sikusikia. Nilisikia kwa masikio lakini kichwani nilikua natengeneza swali linalofuata. Supavaiza alisimamisha rekodi hapo hapo, hakunigombeza, akaniuliza tu "hapa mwili wako ulikua unajisikiaje?" na nikakumbuka kwamba tumbo lilikaza, kwamba kweli kuna kitu nilikisikia na nikakiogopa, kwa sababu sikujua ningefanya nini na ndoa ya mtu mzima kuliko mimi. Njia hii ya kurudisha rekodi na kumuuliza mtu alichokua anawaza na kuhisi sekunde ile ilianzishwa na mwanasaikolojia Norman Kagan na wenzake miaka ya 1960 kule chuo kikuu cha Michigan State, na sijaona inayofundisha haraka kuliko hiyo. Kikao kilichofuata nilimwambia yule mama, "wiki iliyopita ulisema unalala sebuleni na mimi nikapitiliza." Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "nilijua hujasikia." Tukaanza kazi siku hiyo.

Kwa hiyo ukiandika kikao, tengeneza safu tatu. Ya kwanza maneno yenyewe, wewe na mteja. Ya pili ulichokua unahisi au kuwaza pale, hata kama ni aibu, njaa, kuchoka, kumkasirikia. Ya tatu ambacho ungeweza kusema badala yake, sentensi moja fupi. Usiandike kikao kizima, dakika tano mpaka kumi zinatosha, na chagua zile ambazo ukizisikia unataka kuzima.

Hatua ya 7: Kutumia supavisheni vizuri

Wanafunzi wengi wanaleta kipande walichofanya vizuri. Naelewa, kuna maksi, kuna aibu. Lakini saa moja ya wiki ndo hiyo hiyo, ukileta kizuri tutakisifia na utaondoka kama ulivyokuja. Njoo na swali limeandikwa juu ya karatasi: "Kwanini kila akitaja baba yake mimi nabadilisha mada?" Hilo linafundishika. "Naomba maoni" halifundishiki.

Na kama supavaiza wako hasikilizi? Niliwahi kuwa sehemu moja ya mafunzo ambapo msimamizi alikua anasaini fomu za saa zetu mwisho wa mwezi bila kusikia hata dakika moja, na sisi tulifurahi kwa sababu ilikua rahisi. Miezi minne hivyo. Mteja wangu mmoja akaacha kuja na mpaka leo sijui kosa langu lilikua wapi, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwepo kuniambia, na inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba yeye alinipa ruhusa ya kurekodi ili nijifunze. Ikikutokea usinyamaze kama nilivyonyamaza. Mwandikie kwa heshima kuomba muda maalum wa kusikiliza pamoja, asipofanya peleka kwa mratibu wa prakitikamu chuoni. Wakati unasubiri, kaeni wenzenu wawili watatu wa darasa moja msikilizane, ndani ya ruhusa aliyoitoa mteja. Hii haijazi pengo la supavaiza, ila ni bora kuliko kuwa peke yako.

Hatua ya 8: Kuandika kumbukumbu za kikao

Mfumo unaotumika sana una sehemu nne: mteja alichosema, wewe ulichoona, tathmini yako, na mpango. Kazi yote ipo kwenye kutenganisha ya pili na ya tatu. "Mteja alikua mkali" ni tathmini imejificha. Ulichoona ni "alijibu kwa sauti ya juu, aliangalia mlango mara tatu, alishika mkoba muda wote", na huyo anaweza kuwa anaogopa tu. Andika siku ile ile, kwa kifupi, ukijua kwamba mteja ana siku anaweza kuomba kuisoma, au mahakama.

Hatua ya 9: Hatari ya kujiua, jiandae kabla haijaja

Hii usiisubiri. Kabla ya mteja wa kwanza kabisa uwe na karatasi mezani yenye namba ya supavaiza, namba ya mbadala wake, na hospitali au huduma ya dharura utakayompeleka mtu. Usiingie chumbani bila hiyo.

Halafu jifunze kuuliza kwa neno lenyewe. Wanafunzi wengi wanazunguka, wanasema "umewahi kufikiria kufanya kitu kibaya?" au "kujidhuru?", na kujidhuru siyo kujiua, mtu anaweza kujikata bila nia ya kufa na mwingine akawa na nia ya kufa bila kuwahi kujigusa. Sema: "Watu wakibeba uzito kama huu wakati mwingine wanafikiria kujiua. Wewe umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, utafiti umerudia kuonesha hivyo, na mara nyingi utaona mabega yanashuka kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitaja. Akisema ndiyo, kaa naye kwanza, usimkimbilie na fomu. Kisha uliza kama kuna mpango, kama kitu chenyewe anakifikia, alishawahi kujaribu, na nini kimemzuia mpaka leo. Halafu piga simu kwa supavaiza wakati mteja bado yuko hapo. Mwanafunzi habebi uamuzi huu peke yake hata siku moja.

Kama kituo chenu kinatumia dodoso la PHQ-9, lile la maswali tisa la kupima dalili za sonona (depression), swali la tisa ndo linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Nimeona fomu zinajumlishwa maksi na kuwekwa kwenye faili bila mtu kuangalia swali la tisa limejibiwa nini. Liangalie kabla mteja hajatoka.

Usiri nao uelezwe kikao cha kwanza pamoja na mipaka yake. Kesi ya Tarasoff iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la California, Marekani, mwaka 1976, baada ya binti kuuawa na mtu aliyemwambia mtaalamu wake nia hiyo, ndo iliyofanya dunia nzima ya fani hii ifikirie upya wajibu wa kumlinda mtu aliye hatarini. Sheria zinatofautiana kila nchi, soma za kwako, lakini usimwahidi mteja kwamba hakuna kitakachotoka humu kamwe, kwa sababu siyo kweli.

Hatua ya 10: Wewe mwenyewe uwe mteja

Baadhi ya programu zinalazimisha, nyingine zinashauri tu. Mimi nasema nenda hata kama huoni tatizo, na uende kwa mtu asiyekufundisha wala kukusahihishia. Utajua kiti kile kinakaaje, utajua saa inavyokwenda ukiwa upande ule, utajua unavyochukia kuulizwa swali wakati machozi yanataka kutoka. Nilijifunza kunyamaza kwa wateja baada ya mshauri wangu kuninyamazia mimi.

Hatua ya 11: Thesisi

Chukua swali dogo linaloisha. "Afya ya akili ya vijana" haiishi. Kibali cha kamati ya maadili kinaweza kuchukua miezi, kwa hiyo pendekezo la utafiti liwe tayari mapema, na usiwahoji wateja wako mwenyewe, hawawezi kukukatalia kwa uhuru.

Ukitumia dodoso lililotafsiriwa, kaa nalo kwanza. Kwa Kiswahili mtu akisema "nina mawazo" anakwambia ana dhiki, ana mzigo, wala hasemi anafikiri. Sasa dodoso likiuliza "je, una mawazo ya mara kwa mara?" utapata ndiyo nyingi ambazo hazina uhusiano na ulichokua unapima. Na "sonona" iko kwenye vitabu, lakini muulize mtu wa kawaida, atakwambia moyo mzito, atakwambia mwili hauna nguvu, kichwa kinauma, hapati usingizi. Dodoso litafsiriwe na mtu mmoja, lirudishwe kwenye lugha ya kwanza na mwingine ambaye hajaona lile la mwanzo, mlinganishe, halafu uwasomee watu kadhaa uwaulize wameelewa nini kila swali. Inachosha, na ni sehemu ya thesisi ambayo wengine watakuja kuitumia kweli.

Hatua ya 12: Kuagana na wateja na kukusanya saa zako

Prakitikamu ina tarehe ya mwisho na mteja haijui, usipomwambia. Mwambie kikao cha kwanza kabisa kwamba wewe ni mwanafunzi na utakuwepo mpaka mwezi fulani, mkumbushe vikao vinne kabla, tena viwili kabla. Mtu aliyewahi kuachwa ataanza kukosa vikao, au ataleta tatizo jipya kubwa kikao cha mwisho, na wewe utashawishika kumpa namba yako binafsi. Usimpe. Mwandalie mtu wa kumpokea, mkutane watatu hata dakika kumi kabla hujaondoka, na kikao cha mwisho kiwe cha kusema mlichofanya pamoja na kusikia alichobaki nacho, hata kama ni hasira kwamba unaondoka.

Saa zako zisainiwe kila wiki, siyo mwisho wa mwaka, kwa sababu wasimamizi wanahama, wanaumwa, wanastaafu, na chombo cha leseni hakitapokea maelezo. Weka nakala mbili, moja mbali na nyumbani. Halafu fungua zile rekodi, angalia tarehe uliyomwahidi mteja kwenye fomu ya ruhusa, na siku hiyo ikifika uzifute zote, kwenye kifaa, kwenye nakala, na kwenye lile pipa la takataka la kompyuta ambalo watu husahau.